Kisima cha Segerea Ndani ya Kompyuta



Shuka kwenye daladala Segerea Mwisho, Dar es Salaam, kisha shika njia za mitaa ya ndani kwa miguu. Inua macho juu ya kuta. Matangi ndiyo utakayoyaona kwanza, meusi na ya buluu, yamekalishwa juu ya minara ya zege na ya vyuma. Baadhi yanajazwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya mji. Mengine, hasa kwenye mitaa ambayo watu walihamia bomba likiwa bado mbali, yana kisima chini yake: bomba la plastiki lililoshushwa ardhini, pampu ya kuzamisha, kamba, waya, na luku inayopungua kila pampu inapowaka. Jirani anafika getini na madumu yake, anajaza, analipa, anaondoka. Segerea, Kinyerezi, Kimanga na Bonyokwa zimeishi hivyo miaka mingi.

Leo nataka tuzungumzie programu ya kompyuta inayokokotoa jinsi maji hayo yanavyotembea chini ya miguu yetu, na kwa nini programu hiyo hugoma. Nasema na makundi mawili kwa pamoja. Kundi la kwanza ni wadogo zangu wa Chuo cha Maji pale Ubungo, wa vyuo vikuu vya Ardhi, Mlimani na SUA, wanaokesha nayo mpaka adhana ya alfajiri. Kundi la pili ni nyinyi wenye visima, baba na mama wenye nyumba, ambao pengine hamjawahi kuisikia. Mtashangaa nikiwaambia kwamba dawa ya matatizo ya wale wa kwanza mnayo nyinyi.

Tuanze na mchanga. Mwaka 1856 mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, mtu aliyeujengea mji wake wa Dijon mfumo wa maji safi, alichapisha matokeo ya jaribio lake. Alijaza mchanga ndani ya bomba nene lililosimama wima, akapitisha maji, akapima. Akaona kwamba tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini ikiongezeka, maji mengi zaidi hupita. Mchanga ukiwa mrefu zaidi, hupungua. Tena kila mchanga una kiwango chake cha upitishaji: mchanga wa chenga kubwa hupitisha upesi, mchanga laini polepole, na udongo wa mfinyanzi karibu haupitishi kabisa. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, kwa Dijon na kwa Segerea.

Miaka 128 baadaye, mwaka 1984, Michael McDonald na Arlen Harbaugh wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, waliiingiza kanuni hiyo katika programu waliyoiita MODFLOW. Imepitia matoleo kadhaa. Toleo la sita lilitoka mwaka 2017. Ni ya bure. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuipakua, pamoja na ModelMuse, programu nyingine ya bure ya USGS inayokuwezesha kuchora ramani na matabaka badala ya kuandika namba tupu kwenye faili. Nalisema hili kwa furaha, kwa sababu ni vifaa vichache vya kisayansi ambavyo mwanafunzi wa Dar es Salaam anavipata sawasawa na mwanafunzi wa Ulaya, siku ileile, bila kulipa hata senti.

Inafanyaje kazi? Inaikata ardhi vipande vya mraba, tuviite seli, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Unaiambia kila seli ina mchanga wa namna gani, mvua kiasi gani inapenya mpaka chini, mto uko wapi, bahari iko wapi, visima viko wapi na vinavuta kiasi gani. Nayo inatafuta kimo cha maji katika kila seli, ili maji yanayoingia na yanayotoka yalingane, ukihesabu na yale yanayoongezeka au kupungua katika akiba ya ardhini. Inakisia, inasahihisha, inakisia tena, mpaka jibu litulie.

Kwa tambarare ya Dar es Salaam, picha ya matabaka inajulikana vizuri. Juu kuna mchanga wenye maji, chini yake udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga mwingine wenye maji. Ibrahimu Mjemah wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 kazi yenye vipimo vya upitishaji wa matabaka hayo, vilivyopatikana kwa kupampu visima na kuangalia maji yanavyoshuka. Ukielekea magharibi, vilima vya Pugu vinaanza na miamba inakuwa ya zamani zaidi. Segerea imekaa katikati ya safari hiyo ya maji, kutoka vilimani kwenda baharini, na mto Msimbazi ukiwa jirani.

Sasa twende kwenye migomo yenyewe.

Mgomo wa kwanza ni ule ambao jibu halitulii. Programu inakisia mara mia, mara elfu, kisha inaandika kwamba imeshindwa. Kijana anafanya nini? Wengi wanalegeza kipimo. Kama programu iliambiwa isimame makisio yakitofautiana kwa milimita moja, anaiambia isimame yakitofautiana kwa nusu mita. Jibu linatoka, ramani inapendeza, rangi zinang'aa. Nakusihi, mdogo wangu, usifanye hivyo. Fungua faili la kumbukumbu ambalo programu huliandika kila inapokokotoa. Humo ndani kuna hesabu ya maji: yaliyoingia, yaliyotoka, na tofauti yake kwa asilimia. Tofauti ikizidi asilimia 1, hiyo ramani haifai kuonyeshwa kwa mtu. Faili hilo pia hutaja seli iliyosumbua zaidi, safu yake na mstari wake. Nenda kwenye seli hiyo. Mara nyingi utakuta sakafu ya tabaka imepanda juu ya dari lake, au kimo cha maji cha kuanzia kimewekwa chini ya sakafu, au seli ya mchanga imezungukwa pande zote na seli zilizozimwa, ikabaki haina pa kupitishia maji yake.

Na ukishindwa kabisa, vunja uanze upya kwa kidogo: tabaka moja, bila visima, bila mto, mvua ya wastani peke yake. Ikikubali, ongeza mto. Ikikubali, ongeza tabaka la pili. Visima viingie mwisho. Anayeingiza kila kitu kwa siku moja hatajua ni kipi kilichoharibu.

Mgomo wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu programu haigomi hata kidogo. Inakubali kosa lako kimya. Chukua vipimo. Mtu wa Segerea atakuambia pampu yake inatoa lita 2,000 kwa saa, na huiwasha saa 5 kwa siku, kwa sababu anawauzia majirani. Hizo ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10 kwa siku. Programu imepangwa kwa mita na siku. Kijana akiandika 2,000 kama alivyoisikia, amekifanya kisima cha nyumbani kivute mara 200 ya ukweli. Kisha kuna alama ya hasi. Katika MODFLOW, maji yanayovutwa na kisima huandikwa kwa hasi: hasi 10. Ukisahau ile alama, kisima hakivuti tena, kinamwaga maji ardhini, na ramani itaonyesha maji ya Segerea yakipanda mwaka hadi mwaka. Programu haitakuuliza kama kweli kuna mtu Segerea anayerudisha maji kisimani.

Tena kuna ramani. Karatasi zetu za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kubadili, mahali palepale panahama kama mita 300 upande wa kaskazini au kusini. Kwenye ramani ya nchi nzima hilo hulioni. Kwenye Segerea, mita 300 zinakitoa kisima mtaa huu zikakipeleka mtaa mwingine, na jirani na Msimbazi zinaweza kukivusha ng'ambo ya mto.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una shida yake. Ramani za bure za setilaiti, ambazo sote tunazitumia, zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, tena setilaiti huchukua mapaa na miembe kana kwamba ni ardhi. Katika tambarare ya pwani, maji ya chini ya ardhi yenyewe huteremka mita chache tu kwa kilomita. Maana yake kosa la ramani linaweza kuwa kubwa kuliko mteremko unaoutafuta, na mishale ya maji kwenye skrini ikaelekea Pugu badala ya baharini. Hapo hakuna cha kurekebisha ndani ya kompyuta. Ni lazima mpima ardhi aende na chombo chake, apime mdomo wa kisima.

Na mto? Programu ina namna ya kuuweka mto ambayo ni rahisi, na inapendwa kwa urahisi wake: unaandika kimo cha maji ya mto, kimo cha sakafu yake, na kiwango cha upitishaji wa sakafu hiyo, basi. Maji ya ardhini yakiwa chini, mto utayalisha. Lakini mto wa namna hiyo haukauki kamwe. Unaweza kuweka visima mia kando ya Msimbazi, navyo vitakunywa humo mwaka mzima, Januari hadi Desemba, hata miezi ambayo macho yako yanaona mkondo mwembamba ukipita katikati ya mchanga. Isitoshe, watu wamechimba mchanga wa Msimbazi kwa miaka mingi, na mafuriko nayo huula na kuuhamisha. Sakafu ya mto ya kwenye karatasi ya zamani siyo ya leo. Atakayeuweka Msimbazi bila kwenda kuutazama ameupa mtaa maji ambayo hayapo.

Hata mvua si mvua peke yake. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, masika na vuli, na sehemu yake ndogo tu ndiyo inayopenya mpaka kwenye tabaka la maji. Lakini mjini kuna maji mengine yanayopenya: bomba linalovuja chini ya barabara, shimo la choo, septiki. Maji ya mto Ruvu yanasafishwa, yanasukumwa mpaka Segerea, yanaogewa, yanafuliwa, kisha yanaingia ardhini kupitia vyoo vyetu na kuongeza maji ya visima. Kwa wingi, hilo ni ongezeko. Kwa usafi, ni hatari, na naitaja wazi kwa sababu kuna nyumba ambazo shimo la choo na kisima vimepakana. Programu dada ya MODFLOW, iitwayo MODPATH, hufuata njia ya tone moja kutoka shimo mpaka kisimani na kukuambia litachukua siku ngapi. Mama anayechota hapo maji ya kumnywesha mtoto anastahili kuambiwa jibu hilo.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Tuseme kijana amesahihisha vyote: vipimo, alama, ramani, mto. Jibu limetulia, hesabu ya maji inalingana. Analinganisha vimo vya maji vya programu na vimo alivyopima visimani, vinafanana. Amemaliza? Hapana. Ukikata nusu ya maji yanayopenya kutoka mvuani, na ukakata nusu ya upitishaji wa mchanga, programu itakupa vimo vilevile. Maji kidogo yakipita katika mchanga mzito, unaopitisha polepole, husimama kwenye kimo kilekile cha maji mengi yanayopita katika mchanga mwepesi. Basi unaweza kuwa na modeli mbili, yaani picha mbili za hesabu za ardhi ileile, zote zinafanana na vipimo vya visimani, moja inasema ardhi ya Segerea inapokea maji maradufu ya ile nyingine. Ukimpa kiongozi ya kwanza, ataruhusu visima vingi. Ukimpa ya pili, atazuia. Nazo zote mbili zimepita mtihani.

Kinachoamua kati ya hizo mbili ni kisima ambacho uvutaji wake unajulikana. Ukijua kwa hakika kwamba hapa panavutwa mita za ujazo 10 kila siku, na ukapima maji yameshuka kiasi gani, ile modeli ya uongo itaanguka, kwa sababu mchanga wake ukiwa mzito kupita kweli utaonyesha maji yakishuka mno, na ukiwa mwepesi kupita kweli, yakishuka kidogo mno. Kwa hiyo kiasi tunachovuta ndicho kinachoifanya programu iseme kweli juu ya mchanga, na ikisema kweli juu ya mchanga itasema kweli juu ya mvua. Na hicho ndicho ambacho visima vingi vya watu binafsi katika mitaa yetu havijawahi kuandikiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nao hawakuwa wamesikia habari za kompyuta.

Tazama pia nini hutokea kisima kikikauka. Katika matoleo ya zamani ya MODFLOW, seli ikikauka huzimwa, na kisima kilichomo huzimwa nayo. Uvutaji wake unatoweka katika hesabu bila kelele. Seli za jirani zinapumzika, maji yanapanda kidogo, na ramani inaonekana afadhali kuliko mwanzo. Matoleo mapya yanafanya kwa uangalifu zaidi: yanaweza kupunguza uvutaji taratibu maji yanapokaribia sakafu. Lakini hata hayo, usipolinganisha kiasi ulichoomba kivutwe na kiasi kilichovutwa kweli, hutajua kwamba nusu ya mtaa imepotea katika hesabu yako.

Segerea haiendi hivyo. Kisima cha Mzee fulani kikikauka mwezi wa Oktoba, familia yake haiachi kuoga. Inachukua madumu, inakwenda kwa jirani ambaye chake bado kinatoa. Jirani sasa anawasha pampu kwa saa 9 kwa siku badala ya 5. Chake kikianza kutoa matope, wote wawili wanakwenda kwa wa tatu, au wanaita boza. Kiu inahama kutoka kisima hadi kisima, na mzigo unazidi kuelemea vile vilivyobaki. Programu haina habari ya jambo hilo mpaka mtu aliyekaa mtaani aiambie. Mimi naona hapa ndipo modeli nyingi za miji yetu zinapokwama, nami nawaomba walimu wa vyuo walifundishe jambo hili kabla hawajafundisha vitufe: kila seli inayokauka, jiulize wale watu wamekwenda kuchota wapi, kisha hamisha uvutaji wao kwa mkono wako.

Wakati nao una uzito. Mwaka 1997 ukame ulipoubana mji, visima vingi vilichimbwa Dar es Salaam, vya serikali na vya watu binafsi. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipungua tena, mgao ukatangazwa, na maji ya visima virefu vya Kigamboni yakaingizwa kwenye mabomba kuusaidia mji. Miezi kama hiyo ndiyo ambayo visima vya Segerea huvutwa kuliko kawaida, na ndiyo miezi ambayo hakuna tone linalopenya kutoka juu. Ukiipa programu wastani wa mwaka, mvua wastani na uvutaji wastani, itakuambia mambo ni shwari. Gawa mwaka kwa miezi. Uiache ione Oktoba ilivyo.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo, ingawa najua ndilo swali mnaloniuliza zaidi. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kanuni iliyotungwa na Badon Ghijben na Herzberg zaidi ya miaka mia moja iliyopita inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Geuza hesabu hiyo: ukishusha maji mita 1 kando ya bahari, chumvi ina nafasi ya kupanda mita 40. Hilo ni la Msasani na Kigamboni kuliko la Segerea. Huku bara, maji yakiwa na chumvi, bahari siyo mshitakiwa wa kwanza. Chumvi ya kale iliyomo kwenye matabaka yenyewe huwapo, na maji ya vyooni nayo huongeza yake. Ndiyo maana majirani wawili wa ukuta mmoja wanaweza kuchimba kina tofauti, huyu akapata maji ya chai na yule akapata ya kupigia deki. Mwaka 2014 Marc Van Camp wa Ghent na wenzake, akiwamo Mjemah, walichapisha uchunguzi wa bahari kuingia katika tambarare ya Dar es Salaam wakitumia modeli za kimchoro, yaani zilizorahisishwa makusudi ili kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Nawasifu kwa uchaguzi huo. Modeli ndogo inayolijua swali lake ina faida kuliko kubwa iliyojazwa namba za kubahatisha.

Lingine la kukumbuka, hasa kwa mwenye nyumba atakayeonyeshwa ramani ya namna hii: seli ya mita 500 kwa mita 500 ni hekta 25. Ndani yake Segerea unaweza kuweka nyumba mamia. Programu inatoa kimo kimoja kwa eneo lote hilo. Ikisema maji yako mita 12 chini, usishushe pampu yako mita 14 ukadhani umesalimika. Ndani ya kisima chenyewe, pampu ikiwaka, maji huenda chini zaidi ya wastani wa mtaa. Fundi mwenye uzoefu analijua hilo, na ripoti ya kisima iliyoandikwa vizuri italionyesha.

Ripoti hiyo, idai. Ukimlipa mchimbaji, usikubali aondoke na mtambo wake kabla hajakupa karatasi yenye matabaka aliyoyapita mita kwa mita, kina cha maji yakiwa yametulia, na maji yalishuka mpaka wapi alipopampu kwa saa kadhaa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali, na kwa huku kwetu ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kabla hajafunika, mwambie akuachie bomba jembamba la kupimia kando ya bomba la pampu, lenye kifuniko. Gharama yake ni ndogo. Bila bomba hilo, siku ukitaka kujua maji yako wapi itabidi ung'oe pampu nzima.

Kupima hakuhitaji kifaa cha kigeni. Zima pampu jioni, na mwombe jirani wa ukutani azime yake pia. Asubuhi, kabla ya kuwasha, chukua utepe wa chuma wa kupimia, uusafishe kwa maji yenye klorini, upake chaki ya ubaoni kwenye mita mbili za mwisho. Ushushe mpaka alama ya mita 15, kwa mfano, ifike mdomoni mwa bomba. Uvute juu. Chaki iliyolowa hubadilika rangi. Kama imelowa mita 1 na sentimita 20, maji yako mita 13 na sentimita 80 chini ya mdomo wa kisima. Andika tarehe, saa, na muda ambao pampu ilikuwa imezimwa. Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, na tena masika yakishaisha. Vipimo viwili kwa mwaka, nyumba kumi za mtaa mmoja, kwa miaka mitatu, vitampa kijana wa modeli kitu ambacho ramani ya setilaiti haitampa kamwe.

Uvutaji nao ni rahisi kuujua. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 36, pampu yako inatoa lita 2,000 kwa saa. Au hesabu matangi. Chora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na swichi kila tangi linapojaa, na wafundishe watoto wafanye hivyohivyo. Tangi la lita 2,000 lililojazwa mara 40 mwezi wa Oktoba ni mita za ujazo 80. Ipeleke namba hiyo Bodi ya Bonde pamoja na vipimo vyako vya chaki, au mpe mwanafunzi atakayepita mtaani kwako akiuliza maswali. Ataigawa kwa siku 31, ataandika hasi 2.58 kwenye mstari wa kisima chako, na safari hii namba hiyo itakuwa imepimwa.